Mifupa Uliyoiacha Juu ya Benchi

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu utazikuta mbele kama nitazikumbuka. Kwanza usinicheke mwandiko. Naandika kwa herufi za chuoni, zile ulizosomea Kurani, kwa sababu hizo ndizo mkono wangu unazozijua, na pia kwa sababu shangazi yako Mgeni hazijui. Yeye ndiye atakayekuletea karatasi hii. Unamfahamu dada yangu. Angejua kusoma, jioni hii Mwanjelwa nzima ingekwisha kujua kilichomo.

Alasiri imeshapita. Nimekaa kwenye kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba, na wewe uko chumbani wanawake wanakupaka hina. Nawasikia wanavyoimba. Kesho asubuhi ndoa yako na Bakari itafungwa barazani, kisha basi la Iringa litawachukua wewe na mumeo na jamaa zake, na shangazi yako atafuatana nawe kama somo wako. Yote haya unayajua. Nayaandika ili mkono upate kuzoea kalamu, maana umezoea tupa.

Mambo ya kuamka mapema, kupika, kumheshimu mkwe na kutotoka bila kuaga sitayagusa. Shangazi yako amekushindilia hayo wiki nzima mpaka nimekuonea huruma. Kwamba Iringa kuna baridi, si habari kwa mtu aliyezaliwa Mbeya. Wahehe watakuamkia "kamwene" nawe utawajibu "kamwene", na hapo umeshakuwa mwenyeji. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la mifupa.

Lakini nikueleze kwanza hali yangu, usije ukadhani nimekununia. Sijakununia. Wala sifurahi, na hiyo si haki, kwa sababu binti yangu anaolewa na kijana mwenye adabu. Tangu mama yako afariki nimekufa ganzi. Watu wanakuja kunipa mkono, nao wanasema hongera kama walivyosema pole mwaka jana, na mimi naona ni mkono ule ule. Chakula nakula. Msikitini nakwenda. Ukiniuliza moyoni kuna nini, nitakuambia hakuna kitu, na sisemi hivyo ili unionee huruma. Ni hivyo tu.

Wewe unajua, maana uliona. Siku ya pili baada ya maziko nilirudi hapa kibandani nikaanza kukata mfupa wa mguu wa ng'ombe, watu wakiwa bado wamekaa matangani. Msumeno ukateleza ukaingia kwenye kidole. Sikujua. Niliendelea kukata mpaka nilipoona mfupa umebadilika rangi, nikajiuliza huu umetoka kwa ng'ombe gani. Ukaingia wewe, ukanitoa msumeno mkononi, ukachana upindo wa khanga yako ukanifunga kidole. Kidole kimepona vibaya, kinanisumbua baridi inapokuja, lakini angalau hicho kinauma.

Sasa nianze mbali kidogo.

Babu yako alipanda huku kutoka Kilwa akiwa kijana, na mizigo ya matajiri wa pwani. Akaoa Msangu, akasahau kurudi. Huyo Msangu ndiye bibi yako, na kwao huko bondeni ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. Kazi ya mfupa ilikuwa yake. Alitengeneza shazia za kushonea mikeka, misharasi ya kutobolea ngozi, vijiko vya mtindi, mipini ya visu. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume pekee na nilikuwa mgonjwa mgonjwa, sikuweza kuchunga, basi nikakaa miguuni pake nikijifunza kazi ambayo wenzangu waliiita ya wanawake. Alinifundisha mkono. Ng'ombe awe mzee, mfupa uwe wa mguu. Utoe uboho wote, uuchemshe na majivu mpaka mafuta yaishe, uuanike kivulini kwa sababu jua litaupasua. Sijui kwa nini nakuandikia haya wakati unayajua kunishinda.

Bibi yako alinifundisha mkono, na babu yako akanifundisha kuuliza. Alikuwa mtu wa dini, hakuwa na masihara na jambo hilo. Mnyama aliyejifia mwenyewe ni kibudu, alisema, na mfupa wa kibudu ni najisi, na shazia ya najisi itashona mkeka ambao watu watasalia juu yake. Kwa hiyo kabla hujaushika mfupa, muulize mwenye ng'ombe: nani alichinja? Hapana kuukagua wala kuunusa. Muulize, usubiri akujibu kwa kinywa chake. Ndiyo maana mpaka leo yule mchinjaji wa Mbalizi ananiita Kadhi wa Mifupa. Ananiuzia kila juma, namwona anachinja kwa macho yangu, na bado namuuliza.

Ila nami nimewahi kuacha kuuliza. Hii sijakusimulia, kwa sababu mama yako alikuwa akiisimulia kwa wageni kwa namna yake na ilinichosha. Nilikuwa nimemwoa karibuni, nina haraka ya kuonekana mwanamume mwenye nyumba. Mwaka ule sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, iliingia Usangu. Nikapata mtu Chimala ana rundo la mifupa ya miguu, mikubwa, mizito, imekwisha kukauka, anaiuza kama kuni. Ungeiona ungeitamani. Nikambebesha mtu mzigo nikarudi nao. Sikumuuliza nani alichinja. Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua, na jibu hilo nilikuwa silitaki.

Nikafanya kazi msimu mzima. Shazia zikauzika mjini na milimani. Siku moja babu yako alikuja kula kwangu, akaishika moja, akaigeuzageuza, akaniuliza swali lile lile la siku zote. Nikanyamaza. Akaiweka chini, akanawa mikono, hakula. Siku iliyofuata akaniamuru nikazikusanye zote, nyumba kwa nyumba, niwape watu nyingine na niwaambie sababu kwa kinywa changu.

Basi nikazunguka. Wanawake wa mjini walinicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walinipa shazia zao kwa ncha ya kijiti, wasiniguse. Huko milimani kulikuwa na bibi mmoja wa Kisafwa, Mkristo, aliyenisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye mkeka anaulalia tu, na shazia hiyo ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kununua, basi niondoke na najisi yangu nimwachie sindano yake. Mama yako alikuwa akifika hapo anashindwa kumaliza kwa kicheko. Nimejaribu kuikumbuka sauti yake akisimulia, nikaipata. Sikucheka, lakini niliipata.

Wewe ulianza hujatimiza umri wa kwenda shule. Ulikaa kwenye jiwe la kusagia ukisaga vipande nilivyovitupa. Mama yako alilalamika. Yeye alikuwa mtu wa kushona kofia, kazi safi, mikono yake ilinukia karafuu, na akasema mtoto wa kike anayenukia majivu na uboho nani atamwoa. Nikamjibu kwamba mimi nilinukia hivyo hivyo na yeye alikubali. Akasema alikuwa na mafua. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza, nadhani unakumbuka.

Nilikupa kazi ya kusaga tu, kwa miaka. Kisha siku moja ukaniuliza kwa nini nachonga ncha kwanza halafu natoboa jicho, wakati nusu ya shazia zinavunjika kwenye keekee ya kutobolea. Nikakuambia bibi yako alifanya hivyo. Hukubishana, si tabia yako. Ulichukua vipande vyako ukatoboa jicho mfupa ukiwa bado mnene, ndipo ukasaga kuuteremsha mpaka ukawa sindano. Hazikuvunjika. Nilikuona nikajifanya sikukuona, na juma lililofuata nami nikaanza kutoboa kwanza. Wanawake sokoni waliposema mzee siku hizi shazia zako zimekuwa nyembamba na haziachii uzi, nikasema nimebadili namna. Nimebadili, nikasema. Mimi.

Hili sijakuomba radhi. Naomba sasa. Shazia ambazo watu wa Mwanjelwa wanazisifia ni zako, zimekuwa zako miaka mingi, na wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu ukisikia nikipokea sifa. Kama ulikasirika sijui. Unanyamaza, na mimi nimezoea kukufasiria kimya chako kwa namna inayonifaa.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye neno lenyewe.

Bakari alipokuja mara ya kwanza alitaka shazia moja, akadai ni ya kumpelekea mama yake. Siku ya pili akarudi kununua nyingine. Nikamwangalia. Fundi cherehani, ana cherehani ya miguu, anashona mikeka gani? Lakini kijana aliangalia chini na wewe uliangalia chini, nami si mjinga. Posa ilipokuja sikushangaa. Shangazi yako alisema nyumba haina mama, msichana asikae, nikasema kweli.

Siku ile walikuja mshenga na wazee wawili, na mama yake Bakari naye akaja mwenyewe, jambo ambalo si kawaida. Shangazi yako akaingia chumbani kukuuliza kama unamtaka Bakari. Akatoka akasema, "Amenyamaza." Watu wakasema alhamdulillahi. Desturi yetu ni hiyo, mwari akinyamaza amekubali, haya inamzuia kusema. Na mimi naamini ulikubali. Hapo sina shaka.

Ndipo mama yake Bakari akaomba kusema jambo. Alisema hana neno na mahari wala na msichana, ila ana sharti moja, mifupa isiingie uani kwake. Nikadhani ni harufu, nikataka kumcheka. Akaeleza. Alizika watoto wawili kabla ya Bakari. Juma lile alilomzika wa pili, mbwa aliburuta mfupa kutoka sijui wapi akauacha uani, na majirani wakauona. Waliingia mmoja mmoja kuutazama mfupa ule, wakijifanya wamekuja kutoa pole. Unajua watu wa huku kwetu wanasema mtu mwenye mifupa nyumbani ni mchawi. Mpaka leo kuna nyumba hazimpi moto. Alisimulia bila kulia, sauti moja, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akasema, "Mkwe wangu akikaa uani akisaga mifupa, watasema wachawi wameshakuwa wawili."

Mwanangu, mimi nilikuwa bado kama mtu aliyetoka kuzika jana. Nilimsikia anasema kaburi, mengine yakanipita. Nilitaka anyamaze tu. Nikasema, "Sawa. Ataiacha."

Mshenga akasema neno la walii, yaani la baba, ndilo neno la binti, wakaomba dua, wakala. Hakuna aliyerudi chumbani kukuuliza. Ulikuwa umenyamaza mara moja, kwa jambo moja, nami nikakitumia kimya hicho mara mbili.

Habari ulipewa na shangazi yako jioni ile. Asubuhi nilipoingia kibandani nikakuta msumeno wako mdogo, tupa zako mbili, keekee uliyoifunga uzi wa ngozi mwenyewe, vyote umeviosha na kuvipanga juu ya benchi langu. Pembeni yake shazia ulizokuwa hujazimaliza, zina macho lakini hazina ncha. Nilivitazama nikaketi nikaanza kazi. Ulipoleta chai ukaniamkia kama kawaida, ukasimama kidogo, ukauliza:

"Baba, nani atakusagia?"

Nikakujibu Mungu atasaidia. Ni jibu la mtu mvivu. Ukachukua birika ukarudi jikoni, na tangu siku ile hujaingia humu ndani.

Sasa usidhani kwamba moyo wangu uliamka. Ningependa kukuandikia hivyo. Haukuamka. Wiki zimepita nimesaga mwenyewe, polepole, kidole kikiniuma, na sikuwaza lolote. Jana nilikwenda Mbalizi kuchukua mifupa. Nikamuuliza yule mchinjaji swali langu, nani alichinja, na yeye alikuwa na shughuli nyingi, kisu mkononi, damu mpaka kwenye viwiko, ng'ombe amelala mbele yake. Akaniambia mimi mzee nina maradhi ya kuuliza. Akasema, "Huyo binti unayemwoza, yeye ulimuuliza hivi?" Alikuwa ananitania, na watu wakacheka.

Nikamjibu ndiyo. Nikafunga mfuko wangu nikaondoka. Nilipofika mahali njia inapopanda nikatua mzigo, nikakaa juu yake, kwa sababu nilikuwa nimesema uongo na nilikuwa na uhakika ni uongo. Sikuuliza. Na sababu ya kutouliza ilikuwa ile ile ya Chimala. Jibu nilikuwa nalijua.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwenye nyumba walikofikia. Nilimkuta mama yake Bakari anachagua mchele. Nikakaa, nikamwambia kwamba neno nililompa halikuwa langu kulitoa, nimelitoa bila kumuuliza mwenye mikono, na nimekuja kulirudisha mpaka aulizwe. Aliendelea kuchagua mchele muda mrefu. Akaniambia, "Unakula matapishi yako, mzee mwenzangu, na kesho ndiyo harusi." Nikamjibu nayala.

Sikumlaumu, nataka ulijue hilo. Usiende kwake ukiwa na chuki, kama utakwenda. Mtu anayeogopa mfupa kwa sababu ya watoto wake si mtu mbaya. Nilimwambia mfupa wetu unachemshwa, una mwenyewe, una aliyechinja kwa jina la Mungu. Akasema yeye anajua, lakini majirani hawajui, na yeye ndiye anayeishi nao. Mwisho akasema, "Basi muulize. Akisema hajaiacha mifupa yake, nami nitasema langu." Hakuniambia atasema nini, na mimi sikumbembeleza aniambie. Huenda akakubali ukafanyie kazi mahali pengine, mbali na uani kwake. Huenda akanyanyuka akapanda basi na mwanawe. Sijui. Usiseme baadaye kwamba nilikuficha.

Bakari alinisindikiza mpaka barabarani. Unataka nikuambie alisema nini? Hakusema la maana. Aliuliza kuhusu basi, akauliza kama mvua itanyesha. Alipotaka kuniaga akanishika mkono na hakuuachia, akasimama hivyo mpaka nikaona aibu mbele za watu wanaopita. Fasiri mwenyewe, mimi nimeacha kufasiri vimya vya watu.

Kuna jambo jingine, nalo ni gumu kwangu kuliko kwenda kwa mkweo. Inawezekana umechoka kweli. Inawezekana hii kazi uliifanya kwa sababu mimi nilikuwa nayo na wewe ulikuwa mtoto wangu, na siku ulipoosha vifaa vyako uliona nafuu. Sikuwahi kukuuliza hilo pia. Nilikuona una mkono mzuri nikadhani una moyo wake. Sitaki karatasi hii ikusukumie mifupa kama lile neno langu lilivyokunyang'anya. Hata nikisema kweli kwamba shazia zako ni bora kuliko zangu na za bibi yako, na ndivyo ilivyo, hilo silo la kukufunga. Mtu anaweza kukijua kitu sana na akakiacha kwa hiari yake. Lakini awe yeye aliyekiacha.

Wala usinifikirie mimi. Najua utanifikiria, kwa sababu swali ulilouliza lilikuwa langu, halikuwa lako. Nitasaga mwenyewe. Nitasaga vibaya, wanawake wa sokoni watalalamika, na safari hii nitawaambia ukweli kwamba fundi ameolewa. Usiwafikirie pia wageni, wala mchele uliokwisha kununuliwa, wala mbuzi. Ndoa isipofungwa majirani watakula pilau vivyo hivyo, nawajua. Aibu nitaibeba mimi. Nimeshazunguka mji huu nikikusanya shazia za kibudu, watu wakanicheka, na kesho yake jua lilichomoza nikaenda kazini.

Wanawake wameacha kuimba. Nadhani hina imekauka. Shangazi yako ameshapita hapa mara mbili kuuliza naandika nini, nimemwambia ni dua. Nisameheni nyote wawili.

Sasa sikiliza itakavyokuwa. Kesho shehe atakapokuwa ameketi barazani, desturi ni shangazi yako kuingia kuchukua idhini na kutoka nayo. Hataingia yeye. Nimemwambia, amekasirika, atakasirika mpaka Iringa. Nitakuja mimi, nitasimama nje ya mlango wako, pazia likiwa limeshushwa ili usione haya. Nitakuuliza maswali mawili. La kwanza ni la Bakari. Hilo ukinyamaza nitaelewa, wewe ni mwari na ndivyo tulivyolelewa.

La pili ni la mikono yako, na hilo ukinyamaza sitaondoka. Nitasimama hapo. Watu wangoje barazani, chai ipoe, basi lipige honi mpaka lichoke, mimi nitakuwa nimesimama. Sema umeiacha, au sema hujaiacha, lolote utakalosema nitatoka nalo mbele za watu hivyo hivyo lilivyo, nisipunguze wala nisiongeze. Ila ulitamke wewe, mama, kwa sauti, na mimi baba yako nitakuwa hapo mlangoni nikiisubiri.